Mayai Matupu Mkomani: Uchambuzi wa Kisa cha Jozi Moja ya Chiriku Milia

Kisa hiki kinahusu jozi moja ya chiriku milia waliofugwa na fundi wa milango ya nakshi katika nyumba ya mawe mtaani Mkomani, mjini Lamu. Jike na dume wote wawili ni weupe, na fundi ndiye aliyewaunganisha kwa matumaini ya kupata makinda weupe. Katika msimu mmoja jike alitaga mara tatu: mayai matano, kisha sita, kisha matano tena. Aliyaatamia yote, na hakuna hata moja lililoanguliwa. Nilipoitwa kuwaangalia, mkumbo wa tatu ukiwa ndio kwanza umekamilika, fundi alikuwa amekwisha kukata shauri kwamba dume ni mgumba na kwamba hana budi kumtoa. Mambo hayakuwa hivyo. Kwa kuwa nimeona jozi nyingi zikivunjwa na ndege wazima wakilaumiwa kwa sababu kama hiyo, hapa Lamu na hata kwa wafugaji wa Malindi, nitalieleza jambo hili kwa ukamilifu, nikianza na yale yaliyodhaniwa kisha yakakanushwa.

Chiriku milia ni ndege wa Australia na wa kisiwa cha Timor na jirani zake. Ni mdogo, urefu wake sentimita 10 hivi na uzito wake kama gramu 12. Huko kwao, katika nchi kavu za bara, huishi kwa makundi. Jike na dume hushikamana wakiwa wangali vijana, na kwa kawaida hubaki pamoja mpaka mmoja afe. Mvua ikinyesha na nyasi zikatoa mbegu, hutaga pasipo kungoja mwezi maalumu. Tabia hizi mbili, kushikamana mapema na kutaga upesi hali inaporuhusu, ndizo zilizokifumba kisa hiki na ndizo zilizokuja kukifumbua.

Katika rangi ya asili, dume hutambulika kwa mbali: mashavu yake ni ya rangi ya chungwa, kifuani ana milia myeusi, ubavuni ana rangi ya kahawia yenye madoa meupe, na mdomo wake ni mwekundu. Jike ni wa kijivu, hana mapambo hayo, na mdomo wake huelekea rangi ya chungwa. Katika aina nyeupe alama zote hizo hutoweka, ukabaki mdomo peke yake, na mdomo wa jike mwenye afya njema waweza kukaribiana sana na wa dume aliyedhoofika. Hii ndiyo sababu katika ndege weupe swali la kwanza huwa si la ugumba bali la kama kweli tuna jike na dume.

Nyumba ya fundi ina kiwanda kidogo katikati, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, na katika pande mbili za kiwanda hicho yametundikwa matundu mawili yanayotazamana. Amejenga mwenyewe kwa fito za mvule na waya mwembamba, kazi safi ambayo mfugaji yeyote angeionea fahari. Tundu la weupe lilikuwa chini ya kipenu cha mabati. La pili, lenye jozi ya kijivu, lilikuwa kwenye kivuli cha ukuta. Ndege hao wanne walinunuliwa pamoja wakiwa wachanga na wakaishi katika tundu moja miezi yote ya kusi. Kaskazi ilipoanza, fundi aliwatenga: mweupe kwa mweupe, kijivu kwa kijivu. Ndege wengine wanne, madume wawili na majike wawili, wote wa kijivu na wadogo kidogo kwa umri, waliwekwa katika tundu la tatu msanani, yaani ukumbini ndani ya nyumba.

Chakula kilikuwa kimoja kwa wote: uwele na ulezi, majani ya mchicha, yai la kuchemsha lililopondwa wakati wa kutaga, na mfupa wa dome, mnyama wa baharini wa jamii ya ngisi, uliookotwa ufukweni, ukaloweshwa kwa maji baridi hadi chumvi ikatoka. Kwa chakula hichohicho, maji hayohayo na mkono huohuo wa fundi, jozi ya kijivu ililea makinda wanne pasipo shida. Kwa hiyo suala la lishe sikulishughulikia zaidi.

Fundi alikuwa na maelezo matatu. La kwanza, dume ni mgumba. La pili, joto la kaskazi limeyapika mayai, maana tundu liko chini ya mabati. La tatu alilisema kwa kusitasita: alikuwa amewavisha weupe vipete vya kijani miguuni ili awajue, na amesikia kwamba majike hawapendi dume mwenye kipete cha kijani. Mimi niliongeza la nne, lile la majike wawili.

Hilo la nne lilianguka mara moja kwa sababu mbili. Majike wawili wakiwekwa pamoja wakakosa dume, mara nyingi hushikamana, hujenga na hutaga wote katika kiota kimoja, na mfugaji hukuta mayai manane, tisa au zaidi. Mikumbo ya mayai matano au sita ni ya jike mmoja. Jike wa aina hii hutaga yai moja kila siku, na mkumbo wa kawaida ni mayai manne hadi sita. Sababu ya pili ni kwamba mmoja wa weupe hao anaimba, na katika chiriku milia madume peke yao ndio wanaoimba. Jike huita na huitika, lakini wimbo hana.

Suala la vipete lina historia inayostahili kusemwa sawasawa, maana habari zake zimeenea kwa wafugaji zikiwa nusu. Mnamo miaka ya 1980 mtafiti wa Marekani, Nancy Burley, alitangaza kwamba majike wa chiriku milia huvutiwa na madume waliovishwa vipete vyekundu na huwaepa wenye vipete vya kijani. Habari hiyo iliingia katika vitabu vingi vya kufundishia. Watafiti wengine waliolirudia jaribio hilo miaka ya baadaye, kwa ndege wengi zaidi, hawakupata matokeo hayo. Vipete vya kijani tuliviondoa kwa sababu kimoja kilikuwa kimeanza kubana. Kwamba ndivyo vilivyoharibu mikumbo mitatu, hilo sikulikubali wakati ule na silikubali sasa.

Joto lilihitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa katika nyumba zetu ni adui wa kweli. Mchana wa kaskazi Lamu hupita nyuzi 30, na chini ya mabati huzidi hapo kwa kiasi kikubwa. Utafiti wa Simon Griffith na wenzake uliochapishwa mwaka 2016, uliofanywa kwa chiriku milia wa porini Australia, ulionyesha kwamba katika joto kali yai huanza kukua hata kabla wazazi hawajaanza kuliatamia. Matokeo yake ni kwamba makinda hawaanguliwi kwa wakati mmoja, na joto likipindukia kiinitete, yaani kinda anayeanza kuumbika ndani ya yai, hufa. Lakini kiinitete kilichokufa huacha alama. Joto humuua aliyeanza kuishi; haliwezi kulifanya yai liwe kama ambalo halikupata mbegu kabisa. Basi tulingoja hadi jike alipokuwa ameyaatamia mayai ya mkumbo wa tatu kwa siku sita hivi, wakati ambao yai lenye uhai huonyesha mishipa myekundu iliyotandaa, tukayapima moja moja kwa tochi ya simu katika chumba cha giza. Yote matano yalikuwa maangavu, kiini kikielea ndani kama kivuli cha manjano, pasipo hata uzi mmoja wa damu.

Mfugaji mwangalifu hatoshelezwi na mwanga peke yake, kwa kuwa kiinitete kilichokufa siku ya kwanza au ya pili chaweza kupita bila kuonekana. Kwa ruhusa ya fundi tulivunja mayai mawili katika kisahani cheupe. Katika yai lililopata mbegu, juu ya kiini huwa kuna duara jeupe lenye ukingo ulio wazi, mviringo ndani ya mviringo, na likianza kukua duara hilo hupanuka na baadaye hufanya damu. Katika mayai yetu mawili palikuwa na kidoa kidogo tu, cheupe, kisicho na mviringo wala ukingo. Haya hayakuwa mayai viza yaliyoharibikia chini ya mama. Tangu mwanzo hayakuwa na baba. Joto likaondoka katika orodha, likabaki dume.

Sasa, yai kukosa mbegu si ushahidi kwamba dume hana mbegu. Huenda anazo na hakupewa nafasi ya kuzitoa, na hapo ndipo wafugaji wengi wanapokosea hesabu. Fundi alikuwa na hoja yake, na aliitoa kwa heshima: dume huyu huimba kuliko madume wote wa nyumba, tangu alfajiri hadi adhuhuri, basi kama angekuwa amekataliwa angenyamaza. Tulikuwa tumekaa kwenye mkeka kiwandani, na mama yake fundi alikuwa karibu akisuka ukili, kazi anayoifanya hapo kila siku ndege wakiwa juu ya kichwa chake.

“Mwanangu,” alisema, “huyo jike hamtaki mumewe. Mato yake yote kwa yule wa ng’ambo.”

“Lakini mama, ndege huyu anakula, anataga, na nyimbo haziishi humu. Kasoro iko wapi?”

“Anayeimba ni nani? Si yeye.”

Sijasikia maelezo bora ya kisa hiki, kabla wala baada. Mama huyo hakuwa amesoma lolote kuhusu ndege hawa; alikuwa amewatazama miezi mingi, na alimtazama yule ambaye fundi hakumtazama. Alituambia pia jambo ambalo mtu anayekuja kwa saa mbili za mchana hawezi kulijua: usiku jike mweupe hulala peke yake, mwisho kabisa wa ufito, upande unaoelekea tundu la kijivu.

Kwa hiyo tuliwatazama ndege hao asubuhi kadhaa, tukiandika alichofanya jike badala ya alichofanya dume. Dume kweli aliimba kutwa, lakini sehemu kubwa ya nyimbo zake aliimba akiwa ametulia, ameuelekea ukuta, haruki wala hamgeukii yeyote. Dume wa chiriku milia ana namna mbili za kuimba. Kuna wimbo anaouimba mwenyewe, usiomlenga mtu, ambao hata dume aliyefungiwa peke yake huuimba. Na kuna wimbo wa posa, ambao huja pamoja na mchezo. Katika wimbo wa posa humwelekea jike, huyapanga manyoya ya kichwa, huruka kutoka ufito hadi ufito akimkaribia hatua kwa hatua, na katikati ya kuruka hufuta mdomo wake kwenye ufito, mara upande huu, mara upande ule, kama anayenoa kisu. Ule wa kwanza haumwambii mfugaji lolote kuhusu jozi yake. Fundi alikuwa akihesabu nyimbo zote kwa kipimo kimoja.

Dume mweupe alijaribu pia posa, na mchezo wake haukuwa na kasoro. Alianza mwisho wa ufito, akaruka, akafuta mdomo, akaruka tena, na jike akamwacha asogee mpaka palipobaki kama shubiri moja, kisha akahama. Alipomfuata, jike aligeuka akamkabili mdomo wazi. Jike aliyekubali hufanya jambo dogo ambalo asiyelijua halioni: huinama, hulala karibu sawa na ufito, na mkia wake hutetemeka upesi sana. Pasipo mtetemo huo dume hapandi, au akipanda huanguka. Katika asubuhi zote tulizokaa pale, mkia wa jike mweupe haukutetemeka kwa dume mweupe hata mara moja. Hawakukaa bega kwa bega, wala hawakuchambuana manyoya ya shingo, jambo ambalo jozi iliyoshikamana hulifanya mara nyingi kwa siku. Lakini dume wa tundu la kijivu alipotoa mwito wake, jike mweupe alikwenda mwisho wa ufito, akarefusha shingo, akaitika kwa sauti ndefu, na kila mara alimwitikia huyohuyo.

Fundi alikumbuka hapo kwamba wakati wa kusi, ndege wote wanne walipokuwa tundu moja, wawili hao walikuwa wakilala pamoja. Hakulipa uzito, kwa kuwa walikuwa wachanga na rangi zao hazikulingana. Ndege hawa hupevuka mapema, wakiwa na umri wa miezi mitatu hivi, na hutambuana mmoja mmoja kwa miito yao. Kuwatenga kwa waya na hatua chache za kiwanda, huku wakisikiana mchana kutwa, hakuwatenganishi. Jike alibaki katika hali ambayo hakuwa mke wa huyu wala hakuweza kumfikia yule.

Kuna utafiti unaoligusa jambo hili moja kwa moja. Malika Ihle, Bart Kempenaers na Wolfgang Forstmeier, wa Taasisi ya Max Planck ya elimu ya ndege huko Seewiesen, Ujerumani, walichapisha mwaka 2015 matokeo ya jaribio walilofanya kwa chiriku milia 160. Katika kila kundi waliwaacha majike ishirini wachague wenyewe katika madume ishirini. Jozi ziliposhikamana, nusu waliziacha kama zilivyo. Nusu nyingine walizivunja na kuwaunganisha ndege hao upya kwa nguvu, kila mmoja na mwenzi ambaye hakumchagua. Jozi zilizochaguana zilipata makinda walioishi wengi zaidi kwa asilimia 37. Mayai yasiyopata mbegu yalikuwa karibu mara tatu katika jozi zilizolazimishwa. Madume wa pande zote mbili walifanya posa kwa kiasi kilekile. Tofauti ilikuwa kwa majike, ambao walikuwa wagumu kumkubali dume wasiyemchagua. Na makinda wa jozi zilizolazimishwa walikufa zaidi katika siku mbili za kwanza, kwa sababu baba hakuwa na bidii kiotani.

Naona sehemu yenye thamani kuliko zote katika kazi hiyo ni ile ambayo wasomaji huipita haraka: viinitete vilivyokufa ndani ya mayai havikutofautiana kati ya makundi mawili. Kama jike angekuwa anachagua dume kwa ajili ya ubora wa damu, tofauti ingeonekana hapo. Haikuonekana. Kinachoharibika katika jozi ya kulazimishwa ni mwenendo wa wawili hao, yaani kukubaliana, kupokezana zamu, kulisha pamoja. Na hivyo ndege wawili walio wazima kabisa waweza kutoa mkumbo baada ya mkumbo wa mayai matupu. Fundi aliposikia hivyo aliuliza swali ambalo kila mfugaji hulileta: kama hamtaki, mbona anataga? Jibu ni kwamba kutaga na kukubali ni mambo mawili. Chakula kingi, unyevu wa pwani, kiota kilicho tayari na sauti ya dume anayesikika, hata wa tundu lingine, vyatosha kuuamsha mwili wa jike wa aina hii, ambaye maumbile yake yamemzoesha kutoiacha nafasi ipite. Tunduni nafasi hiyo haipiti kamwe, kwa kuwa chakula na maji havikatiki.

Hatua ya kwanza, basi, ilikuwa kumpumzisha. Mayai kumi na sita kwa msimu mmoja ni mzigo mkubwa wa chokaa kwa ndege wa gramu 12, na jike anayeendelea hivyo yai huja likamkwama, na aweza kufa kwa muda mfupi. Viota vyote viliondolewa katika kila tundu, yai la kupondwa likasimamishwa, mfupa wa dome ukabaki. Makinda wa jozi ya kijivu walikuwa wamekwisha kujitegemea, jambo linalotokea wakiwa na wiki tano hivi, wakawekwa kando.

Kisha fundi akajenga tundu kubwa, refu kuliko kimo, maana ndege hawa hupenda kuruka kwenda mbele kuliko kupanda juu. Ndege wake wakubwa wote wanane waliingia humo, madume wanne na majike wanne. Idadi sawa ni bora, kwa sababu dume anayezidi aweza kuvuruga jozi nyingine. Viota havikuwekwa. Kiota kikiwekwa mapema huwa chanzo cha ugomvi, na jike hukimbilia kutaga kabla ya kuamua. Kazi ya fundi ilikuwa kuandika kila usiku, kwa mwanga hafifu wa taa ya mbali, nani amelala na nani.

Nilitazamia kwamba jike mweupe angerudi kwa mwenzake wa zamani, na siku za kwanza alijaribu. Lakini dume yule alikuwa amekwisha kulea makinda na jike wa kijivu, na jike huyo alimfukuza mgeni kwa ukali kila alipokaribia. Dume mwenyewe hakuonyesha kumtaka. Ilikuwa vigumu kutazama. Baada ya muda jike mweupe aliacha, akawa anakaa karibu na mmoja wa madume wadogo waliotoka tundu la msanani, ndege wa kijivu mwenye wimbo mfupi ambaye fundi hakuwa amempa nafasi yoyote katika mipango yake. Walianza kwa kukaa ufito mmoja, wakaacha nafasi ya ndege mmoja kati yao, nafasi ikapungua, na hatimaye mama yake fundi akatangaza kwamba wamelala bega kwa bega. Asubuhi moja tuliona mkia ukitetemeka.

Na yule dume mweupe aliyeitwa mgumba alishikamana na mmoja wa majike wadogo wa kijivu.

Jozi zilipokuwa wazi tulizihamishia kila moja katika tundu lake kabla ya kuweka viota. Jambo hili si la lazima kwa anayetaka makinda tu, lakini sisi tulitaka kujua baba ni nani. Chiriku milia hushikamana kwa uaminifu wa macho, ila si kila yai ni la mume. Porini makinda wa baba wa nje ni wachache sana, takriban 2 kwa mia. Katika matundu makubwa ya watafiti wa Seewiesen walifika robo na zaidi. Tungewaacha pamoja, tusingeweza kuapa kwamba dume mweupe amezaa. Katika tundu la peke yao, jike wake alitaga mayai matano. Manne yalionyesha mishipa na manne yakaanguliwa. Ugumba wake uliishia hapo. Jike mweupe naye alitaga manne kwa dume wake wa kijivu, na matatu yakaanguliwa.

Matundu mapya hayakurudishwa chini ya mabati. Yalitundikwa chini ya makuti, upande unaopata upepo, viota vikiwa vya vifuu vya nazi vilivyotandikwa nyasi kavu na usumba uliokatwa mfupi, kwa sababu usumba mrefu huwafunga ndege miguu. Hata hapo adhuhuri ilikuwa ya moto, na katika siku za mwisho za kuatamia tulimsikia dume wa kijivu akiwa ndani ya kiota akitoa sauti nyembamba ya harakaharaka, mdomo wake ukiwa haufunguki sana. Fundi alidhani anaumwa. Mylene Mariette na Katherine Buchanan, watafiti wa Australia, walieleza mwaka 2016 kwamba chiriku milia huyaita mayai yao kwa sauti ya namna hiyo joto linapopita nyuzi 26 karibu na kuanguliwa, na kwamba makinda waliosikia sauti hiyo wakiwa ndani ya yai hukua tofauti, wakibaki wadogo zaidi katika viota vya joto, na baadaye hufanikiwa zaidi kuzaa. Kwa wafugaji wa pwani hii habari hiyo ni ya kazi: anayeyatoa mayai na kuyahifadhi kando huyanyima pia sauti hiyo.

Lililobaki kwa fundi ni rangi. Makinda watatu wa jike mweupe walitoka na manyoya ya kijivu, wote, na hata wanne wa dume mweupe pia. Alinyong’onyea, nami sikumlaumu, kwa kuwa weupe ndio uliomfanya aanze kazi hii. Weupe wa chiriku milia hufichika: kinda huwa mweupe akiurithi kwa baba na kwa mama, na akiurithi kwa mmoja huwa wa kijivu anayeubeba ndani. Makinda wake saba wote wanaubeba. Wakishikamana na weupe halisi wasio ndugu zao, karibu nusu ya watoto wao watakuwa weupe. Kuwaunganisha kaka na dada ili kuharakisha, nilimsihi asifanye, na alikubali.

Alipendekeza kununua dume mmoja mweupe kutoka kwa mfugaji wa Malindi kwa ajili ya binti za jike wake. Nilimshauri anunue watatu au wanne, wa mikumbo tofauti, awaweke pamoja na majike hao katika tundu kubwa wakiwa wangali vijana, na awaache wachague humohumo. Kwa njia hiyo yeye huchagua rangi na jike huchagua mume, na hakuna anayemzuia mwenzake. Gharama ni kubwa zaidi mwanzoni, na madume watakaobaki bila wenzi itabidi watafutiwe nafasi. Hesabu yake ameifanya mwenyewe, akilinganisha na chakula, muda na mayai kumi na sita ya msimu ule, na ameagiza watatu. Watafika kusi itakapotulia, na katika daftari lake la ndege, palipokuwa na safu ya rangi na safu ya mayai, ameongeza safu ya anayelala na nani, ambayo hujazwa na mama yake.